Glukosi huvunjika au huvunjwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma baiokemia, mwaka wa pili chuo kikuu. Darasani ni Kiingereza kitupu, lakini jioni tukikaa kujisomea huwa tunaeleweshana kwa Kiswahili. Juzi nilisema "glukosi huvunjika ndani ya seli". Dada mmoja anayesomea uzamili akanirekebisha hapo hapo: sema "huvunjwa". Niliona ananitafutia makosa tu. Je, kuna tofauti ya maana? Halafu hataki kabisa neno "kimeng'enya". Anasema viko vimeng'enya visivyomeng'enya kitu, heri tuseme "enzaimu". Tumfuate?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dada yako hakutafutii makosa. Kwa swali la kwanza amekupa jambo la thamani, ingawa sidhani kama unapaswa kumkubalia yote.

Nianze na sarufi, kisha tuingie kwenye seli. "Huvunjwa" ni kauli ya kutendwa. Mtu akisema "mlango umevunjwa", msikilizaji anauliza papo hapo: na nani? Mvunjaji yumo ndani ya kitenzi hata kama hakutajwa. "Huvunjika" ni kauli ya kutendeka, na hapo mvunjaji hayumo. Tunaelezwa hali iliyokipata kitu. Ndiyo maana huwezi kusema "mlango umevunjika na wezi". Kosa hilo nalisikia sana kwa wanafunzi wa sayansi: "wanga huvunjika na amilasi" (amilasi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko, hapa wa kuvunja wanga). Ukitaka kumtaja mtendaji kwa "na", kitenzi kiwe cha kutendwa: wanga huvunjwa na amilasi.

Sasa tazama unachokisoma. Safari ya glukosi mpaka piruvati ina hatua 10, na kila hatua ina kimeng'enya chake, kuanzia heksokinasi inayoibandika glukosi fosfeti ya kwanza. Molekuli moja yenye kaboni 6 huishia kuwa molekuli mbili zenye kaboni 3 kila moja, na seli hubaki na faida ya ATP 2, yaani molekuli mbili zinazobeba nishati ya seli. Lakini glukosi ile ile ikiwa unga mkavu kwenye kopo la duka la dawa, inakaa miezi na miezi bila kubadilika. Haina haraka yoyote ya kuvunjika. Protini nazo ni hivyo hivyo: kifungo cha peptidi, kile kinachounganisha asidi amino za protini, kikiachwa kwenye maji matupu, bila asidi kali wala kimeng'enya, huweza kudumu mamia ya miaka. Nyama uliyokula mchana haisubiri hata kesho. Tofauti kati ya mamia ya miaka na saa chache ndiyo karibu kozi yenu nzima, na "huvunjika" inaificha. Msikilizaji atadhani sukari ikishaingia kwenye seli basi inajiachia yenyewe.

Hata hivyo usiitupe kauli ya kutendeka. Ina maana yake ya pili, ya uwezekano, kama tunaposema njia inapitika au maji haya yananyweka. "Selulosi haivunjiki kwa vimeng'enya vyetu" ni sentensi safi kabisa: vimeng'enya vya binadamu havina uwezo huo, ilhali ng'ombe anao msaada wa vijidudu vya tumboni mwake. Kwa hiyo "glukosi huvunjika" nayo ni Kiswahili sanifu. Inachosema ni kwamba glukosi ni kitu chenye kuweza kuvunjwa, na sidhani kama hicho ndicho ulichokusudia kuwaeleza wenzako.

Kadiri mtu anavyopanda ngazi za masomo, kauli hizi ndivyo zinavyomfaa zaidi. Chukua sukari na himoglobini. Glukosi ya kwenye damu hushikamana na himoglobini polepole, bila kimeng'enya chochote kuiamuru. Chembe nyekundu za damu zinazobeba himoglobini huishi takribani siku 120, ndiyo sababu kipimo cha HbA1c, yaani cha himoglobini iliyoshikwa na sukari, kinaweza kumwonyesha daktari hali ya sukari ya mgonjwa kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Lakini zipo protini nyingine nyingi ambazo seli yenyewe huzipachika sukari kwa makusudi, mahali maalumu, kwa kazi ya vimeng'enya. Hayo ni mambo mawili tofauti, na katika vitabu vyenu majina yake yanafanana mno hata wanafunzi wa shahada ya kwanza huyachanganya. Kwa Kiswahili huhitaji hata jina jipya. La kwanza: sukari hujishikiza kwenye protini. La pili: sukari hupachikwa kwenye protini. Mofimu -ji- na -w- zimemaliza ubishi.

Kitu kingine ninachokipenda mno ni kauli ya kutendua. Mwaka 1992 Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha kwamba seli huwasha na kuzima protini zake kwa kuziwekea fosfeti na kuziondolea tena. Kinasi hubandika, fosfatasi hubandua. Kubandika na kubandua ni vitenzi viwili vya mzizi mmoja, kimoja kinaondoa kilichofanywa na mwenzake, kama vile kitendo chenyewe kilivyo ndani ya seli. Nimesoma maelezo ya Kiswahili yenye "ufosforilishaji" na "uondoaji wa ufosforilishaji", nikasikitika. Istilahi ndefu ina mahali pake kwenye kichwa cha sura. Ukishaingia kwenye maelezo, acha vitenzi vifanye kazi.

Vivyo hivyo kwa umbo la protini. Christian Anfinsen, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1972, aliikunjua ribonukleasi, kimeng'enya kinachovunja RNA, kwa kemikali, kisha alipoziondoa kemikali hizo protini ikajikunja upya na kurudia kazi yake. Hapo "hujikunja" ndiyo neno, kwa sababu ugunduzi wenyewe ulikuwa kwamba mfuatano wa asidi amino unatosha kuipa protini umbo lake. Ukiandika "hukunjwa" umeshabadilisha matokeo ya utafiti. Baadaye mtafundishwa kwamba ndani ya seli zipo protini zinazosaidia nyingine zisishikamane ovyo kabla hazijakaa sawa. Basi mtasema "husaidiwa kujikunja". Na ute wa yai ukichemshwa? Protini zake hukunjuka, kisha zikashikana. Kunja, kunjwa, jikunja, kunjua, kunjuka: nenda kahesabu ni maneno mangapi ya kigeni ungehitaji kukopa kwa kazi hiyo.

Nije kwenye kimeng'enya. Ni kweli neno limetokana na kumeng'enya, yaani kukivunja kitu vipande vidogo vidogo, na sababu inaeleweka: wengi wetu tulikutana na vitu hivi kwa mara ya kwanza kwenye mmeng'enyo wa chakula, darasani shule ya msingi. Ni kweli pia kwamba DNA polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, haivunji, inajenga. Lakini asili ya neno haifungi maana yake. Hilo "enzaimu" analolipenda dada yako lilitungwa na Wilhelm Kühne, Mjerumani, katika miaka ya 1870, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Polimerasi ya mwilini mwako haimo ndani ya chachu yoyote, na hakuna anayelikataa neno kwa sababu hiyo. Wala halikuachwa mwaka 1897, pale Eduard Buchner alipoonyesha kwamba majimaji yaliyokamuliwa kwenye hamira yanachachusha sukari hata bila seli hai. Neno lilibaki, elimu ikalipanua.

Mimi nakushauri ubaki na kimeng'enya. Limeshazoeleka mashuleni, lina ngeli isiyo na shaka (kimeng'enya hiki, vimeng'enya hivi), na linatoa majina kwa urahisi. "Enzaimu" si kosa, na mkiwa wenyewe kwa wenyewe maabara litumieni mkipenda. Msichanganye tu yote mawili katika andiko moja, msomaji akadhani ni vitu viwili. Ninachokisihi ni msikimbilie "kichocheo" kama mbadala. Kichocheo ni neno pana, linajumuisha hata metali zinazotumika viwandani, na wapo wanaolitumia kwa homoni. Kila kimeng'enya ni kichocheo, ila si kila kichocheo ni kimeng'enya. Sema "kimeng'enya huchochea mmenyuko", inatosha.

Umetumia "hu-" vizuri, na endelea hivyo kwa mambo yaliyo kweli siku zote. Ripoti ya maabara lakini ni habari nyingine: pale unasimulia kilichofanyika siku ile, kwa hiyo "-li-". "Mchanganyiko ulipashwa joto, kisha amilasi ikaongezwa." Ukiandika "hupashwa" umetoa maelekezo ya jumla, na msimamizi wako hatajua kama ulikifanya kitu hicho au umekinakili kwenye mwongozo. Mwanafunzi wa uzamivu anapoandika tasnifu hubadilisha kati ya hizi mbili karibu kila ukurasa: "hu-" kwa linalojulikana, "-li-" kwa alilolifanya yeye.

Mwisho, umeandika "nasoma baiokemia" na kwamba dada yako "anasomea uzamili". Yote mawili ni sahihi. Kusoma ni kujifunza somo lenyewe. Kusomea ni kusoma kwa lengo la kupata kitu, shahada au taaluma. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza anasoma baiokemia, lakini anasomea udaktari. Wewe, kwa kuwa ndiyo shahada yako, unaweza kusema vyovyote kati ya hivyo viwili.