Kwa mnaoanza kuchunguza mizizi: pimeni kutoka nchani

Wengi mkiingia maabara kwa mara ya kwanza huuliza tunatumia rangi gani na hadubini ipi. Ulizeni kwanza mzizi utakatwa wapi. Mzizi hurefuka nchani, kwa hiyo seli za pale ni changa, na kadiri unavyorudi kuelekea shinani ndivyo unavyokuta zilizokomaa. Mzizi mmoja wa mahindi ukikatwa sentimita 1 kutoka nchani, kisha sentimita 10, utakupa picha mbili ambazo mgeni angedhani ni za mimea tofauti. Picha isiyoandikwa umbali wake haina kazi, hata iwe nzuri namna gani.

Chukueni mfano wa chumvi. Katikati ya mzizi, mirija ya maji na ya chakula imezungukwa na safu ya seli iitwayo endodemisi. Kuta za seli hizo zina ukanda wa Caspary, uliopewa jina la Robert Caspary, mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyeueleza mwaka 1865. Ukanda huo huziba njia ya pembeni, ile ya kupenya kwenye kuta, hivyo maji na madini hulazimika kupita kwenye utando wa seli, na utando huchagua. Mahindi yakikua kwenye chumvi, ukanda hukomaa karibu zaidi na ncha, na suberini, dutu kama nta isiyopitisha maji, huwekwa mapema kwenye kuta hizo. Lakini chumvi hupunguza pia kasi ya kukua. Seli zilizo sentimita 2 kutoka nchani mwa mzizi uliodumaa zina umri mkubwa kuliko zilizo umbali huohuo kwenye mzizi wenye afya. Je, ulichokiona ni kinga dhidi ya chumvi, au ni uzee tu? Huwezi kujibu kama hukupima mzizi ulirefuka kiasi gani kila siku. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia, na inaniuma kila ninapoiona.

Shambani nako msidanganywe na majani. Mahindi yaliyotuama maji yanaweza kunyauka kama yaliyopigwa na ukame, kwa sababu mzizi uliokosa oksijeni hufunga vinjia vya maji vilivyo kwenye utando wa seli zake. Chimbeni. Gesi husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani, hivyo ethilini, gesi ambayo ni homoni ya mmea, inayotengenezwa na mzizi hukwama humo humo. Ikijaa, baadhi ya seli za kotiksi, yaani tabaka lililo kati ya ngozi ya mzizi na endodemisi, hufa kwa mpangilio na kuacha nafasi za hewa, yaani aerenkima, zinazoteremsha oksijeni kutoka juu. Mpunga unazo hata kwenye udongo mkavu, na mahindi huzitengeneza pia yakipungukiwa naitrojeni au fosforasi. Kwa hiyo msione aerenkima mkaandika mara moja kwamba shamba lilifurika. Angalieni pia kama mizizi mipya imechipuka kwenye pingili za chini, na muulize historia ya mbolea.

Kuhusu mikono: msing'oe mmea, maana ncha na vinyweleo hubaki ardhini. Chimbeni kwa mapana, loweka bonge zima kwenye beseni, udongo uachie wenyewe. Mzizi uliokua kwenye chumvi usafishwe kwa maji yenye chumvi ileile, la sivyo seli zitavuta maji ghafla na umbo lake kubadilika kabla hamjaziona. Vinyweleo hukauka haraka sana, basi sampuli isiachwe mezani wazi mtu akienda kunywa chai. Mzizi mwembamba ushikilieni ndani ya kipande cha karoti, mkate kwa wembe mpya, na mtupe vipande vinene bila huruma. Rangi ya toluidini bluu inatosha kuanzia: kuta zenye lignini, dutu inayozikakamaza, huelekea kijani-bluu, zisizo nayo huwa zambarau. Suberini inahitaji rangi nyingine, lakini jifunzeni kwanza kukata.