Re: Mshauri wa bara na mteja wa pwani mwenye jini, nimpokee au nimpishe mwenzangu?

Mkuu, umeuliza kama umpokee huyo mama wa pwani anayesema ana jini, au umpishe mshauri mwenzako. Mpokee. Kuwa Mchaga na Mkristo uliyetoka chuo juzi hakukuzuii kumhudumia huyo mama wa Kiislamu. Mimi ni Msukuma, nafanya unasihi hapa Tanga miaka sasa, na wateja wangu wengi ni Wadigo, Wabondei na Wasambaa.

Chuoni mlisoma nguzo tatu za kumshauri mteja wa utamaduni mwingine, za mwanasaikolojia wa Marekani Derald Wing Sue na wenzake, za tangu 1982: mshauri ajijue mwenyewe, aujue mtazamo wa mteja, awe na mbinu zinazomfaa. Wengi hukimbilia ya pili na kukariri kwamba Wadigo wako hivi, Wasambaa wako vile. Utaumbuka! Yupo Mdigo wa benki asiyetaka hata kusikia habari za majini, na yupo Mchaga mwenzako anayekwenda kwa mganga kimyakimya.

Mama huyo mwamkie shikamoo, ofisi yako haifuti umri wake. Kama huwa anaanguka, apimwe kifafa hospitali. Ubishi wa jini lipo au halipo achana nao. Muulize lilianza lini, anadhani limeletwa na nini, nyumbani wanasemaje, ameshahangaika wapi. Maswali ya namna hiyo yamo kwenye usaili wa kitamaduni wa DSM-5 ya 2013, ule mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, yako 16, kwa hiyo msimamizi wako asikutishe kwamba unaendekeza ushirikina.

Mteja wangu mmoja nilimuuliza kinachompa nafuu. Akasema kombe, yaani aya za Kurani anazoandikiwa na sheikh kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, akilinywa analala. Alipoona sijacheka, akaongeza kwamba jini humpanda siku ambazo mume amempiga. Wifi aliyemsindikiza akadakia kuwa hayo ni ya kimila, yamalizwe nyumbani. Nilimwomba wifi akatusubiri kwenye benchi nje. Kombe mama aliendelea nalo, kipigo alikubali tukipeleke dawati la jinsia polisi. Kuheshimu mila hakufiki huko alikotaka wifi.

Kuhusu mkalimani: mteja mzee asipokimudu Kiswahili, usimtumie mwanawe. Ya chumbani hatayasema mbele ya mtoto. Mwombe nesi mtu mzima wa kituoni anayejua Kidigo, mteja akiridhia, na umwambie mapema atafsiri tu, asianze kumshauri. Manesi wetu hapo huwa wanashindwa kujizuia.