Sindano ya jeni kwa goti la mama

Dada, umeuliza kama goti la mama, ambalo gegedu yake (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) imelika, linaweza kutibiwa kwa jeni. Kwa sasa usiweke tumaini huko. Korea Kusini waliidhinisha sindano moja mwaka 2017, Invossa, inayochomwa ndani ya goti ikiwa na seli, baadhi zimetiwa jeni ya protini iitwayo TGF-β1 ili kutuliza uvimbe. Mwaka 2019 kibali kikafutwa: seli zilizotiwa jeni, zilizodaiwa kuwa za gegedu, kumbe zilikuwa na asili ya figo! Figo gotini, jamani. Utafiti unaendelea, lakini gegedu haina mishipa ya damu, ikishalika hairudi kirahisi. Mama aanze na mazoezi ya misuli ya paja: akae kitini, ainuke polepole bila kushika meza.