Acha kuomba mashine, omba masaa: hela ya sayansi ya vitendo kwa shule zetu za kata

Walimu wenzangu wa Arusha na Moshi, na nyie wazazi mlioko kwenye bodi za shule, hii ya leo ni yenu. Nimesoma maandiko mengi ya kuomba msaada yanayotoka kwenye shule zetu na karibu yote yamefanana kama pacha, darubini kadhaa, kompyuta, projekta, jenereta, friji ya kemikali, chini kuna jumla ya mamilioni, mfadhili anaangalia ile namba ya mwisho anaweka pembeni. Ushauri wangu ni kwamba acha kuomba mashine. Omba hela ya masaa ya kutumia mashine ambazo tayari zipo huku huku kwetu, zimeshanunuliwa, zimeshafungwa, zina umeme na zina mtu anayejua kuzitumia.

Maana huku kwetu tumebarikiwa aisee, ni vile hatuangalii. Pale Tengeru kuna Nelson Mandela, chuo cha masters na PhD, kilianza kuchukua wanafunzi 2011, ndani yake kuna vituo viwili vya umahiri vilivyoingia kwenye mradi wa Benki ya Dunia ulioanza 2016, kimoja cha chakula na lishe kingine cha maji na nishati. Zile ni hela za mkopo, na mkopo unalipwa na kodi, yako ya kwenye vocha na ya mzazi anayeuza ndizi soko la Tengeru, kwa hiyo ukienda kubisha hodi pale usiende kinyonge. Ngaramtoni kuna wale wa viuatilifu, zamani TPRI siku hizi TPHPA, na Selian wako watafiti wa mazao. Moshi kuna hospitali ya KCMC na taasisi yake ya utafiti, na ukipanda Lyamungo kuna TaCRI wa kahawa. Hapo sijataja chuo cha ufundi cha pale mjini Arusha.

Sasa maabara kubwa kama hizi zinajiendesha vipi, hapa ndo wengi hatujui. Mashine ikishakuwa ya pamoja, kila anayeitumia anachangia, ama kwa saa ama kwa sampuli, na ile hela ndo inanunua vitendanishi (kemikali za kupimia), gesi, vipuri na kulipia matengenezo. Mara nyingi bei zina ngazi, mwanafunzi wa chuo chenyewe analipa kidogo, mtafiti wa taasisi nyingine anapanda kidogo, kampuni inalipa bei kamili. Shule ya sekondari haimo kwenye hizo ngazi kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza, na usipouliza wakikutengenezea ankara watakuweka na makampuni. Kwa hiyo kwenye barua yako andika wazi kabisa, tunaomba kutozwa kiwango cha mwanafunzi wa ndani. Sentensi moja tu hiyo, inashusha bajeti kuliko punguzo lolote utakalolilia baadae.

Kwa nini nimeng'ang'ania masaa? Shule moja niliyofundisha ililetewa shehena ya vifaa toka nje, sherehe ikafanyika, picha zikapigwa, mgeni rasmi akala mbuzi. Mashine ya kutakasia vifaa ilikuwa ya volti 110, za kwetu ni 230, darubini zilikuja bila slaidi hata moja na balbu zake ukienda madukani mjini wanakushangaa. Viko stoo mpaka leo na mkuu wa shule kila ukaguzi anavihesabu. Kifaa bila fundi na bila vitendanishi ni fanicha tu. Saa moja kwenye maabara ya chuo inakuja na fundi, na vitendanishi, na mtu wa kumuuliza ikigoma.

Ngoja niwape mfano wa kazi yenyewe, maana mfadhili naye atauliza watoto wanaenda kufanya nini, na ukijibu "kujifunza sayansi kwa vitendo" umempoteza. Sisi tulichukua floraidi, ile ya kwenye maji ambayo ikizidi inatia meno rangi. Kila mtu wa upande huu wa Meru anajua habari ya meno ya kahawia, inatokana na miamba ya volkano, maji yanapita humo yanabeba floraidi, na maeneo kama Ngarenanyuki yanajulikana kwa hilo. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tukawaambia watoto kila mmoja aje na chupa ya maji ya kwao, imeandikwa jina la chanzo, kisima, bomba, mfereji, na kuna binti akaja na kipande cha magadi kwenye kimfuko, yale yale mama yake anapikia makande.

Maabara wana elektrodi maalumu, kama kalamu nene hivi, ncha yake ina kristali ya lanthanamu floraidi. Unapima maji yako kwenye bika ya plastiki (ya kioo hawaipendi kwa kazi hii, floraidi na kioo havikai vizuri), unaongeza bafa kwa kiwango sawa, ile bafa inaweka pH (kipimo cha asidi) sehemu moja na inaiachanisha floraidi na alumini na chuma ili isijifiche, unaweka kasumaku kakoroge, unatumbukiza elektrodi halafu unasubiri. Kusubiri kwenyewe ndo somo, watoto wetu wamezoea jibu linatoka nyuma ya kitabu, hapa namba inacheza cheza, milivolti zinashuka taratibu, mpaka itulie ndo uandike. Kwanza wanapima myeyusho ambao kiwango chake kinajulikana, moja, kumi, mia, na hapo wanaona kila floraidi ikizidi mara kumi namba inashuka kama milivolti 59 hivi, haijalishi unatoka moja kwenda kumi au kumi kwenda mia. Mtu wa maabara akawauliza hii inawakumbusha nini. Kimya. Halafu chalii mmoja wa nyuma akasema "logi", akatoa foo figa, kile kitabu cha majedwali ya logi, kwenye begi, wenzake wakacheka lakini ndo hiyo hiyo aliyotumia kuchora grafu. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa amesimama mlangoni, uso wake ungeuona.

Yale magadi yaliyeyushwa yakapimwa pia. Siwapi namba, ila yule binti aliandika matokeo akayapigia mstari mara mbili. Na hapa angalizo, majibu ya maji ya nyumbani kwa watu yana joto lake, usimwache mtoto akaenda kutangaza kijijini kwamba bomba la serikali lina sumu. Kaa na mwenyekiti wa kijiji na watu wa maji mapema, na uwe na cha kuwaambia kuhusu suluhisho, mfano chujio la mkaa wa mifupa, kuna kituo pale Ngurdoto kimefanya hiyo kazi miaka mingi, na safari inayofuata watoto wanaweza kupima maji kabla na baada ya kupita kwenye huo mkaa. Mfadhili akiona kazi moja inazaa nyingine hivyo anakaa vizuri kwenye kiti.

Turudi kwenye hela. Utashangaa mashine yenyewe sio inayokula. Kinachokula ni kosta na msosi, halafu posho ya mtu wa maabara maana mtakwenda jumamosi mashine ikiwa imepumzika na yeye ana familia. Iweke hiyo posho kwenye bajeti waziwazi, kwa jina lake, usiifiche kwenye "mengineyo". Nimeona safari imekufa siku mbili kabla kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ndo anamlipa fundi. Na maandalizi yote yanayoweza kufanyika shuleni yafanyike shuleni, kuchuja, kuandika lebo, kufundisha pH, ili saa unayolipia watoto wawe wanapima na sio wanaambiwa pH ni nini.

Hela inatoka wapi? Usitegemee ruzuku ya shule, ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na hapo bado kuna sehemu ya vitabu, chaki na umeme vinaigombania. Michango ya lazima toka elimu bila ada ianze 2016 usiiguse kabisa, utaitwa ofisini. Ya hiari sawa, kwa utaratibu wake na kibali. Mfuko wa jimbo unaweza, ila wanapenda vitu vinavyoonekana, bati, sementi, masaa ya maabara hayana jiwe la msingi la kuzindua. Makampuni ya utalii na mahoteli wanasikiliza zaidi, hasa ukiwaletea kiasi kidogo kinachoeleweka cha safari moja.

Lakini mchongo wenyewe ambao watu hawaujui ni huu. Nenda kwa mtafiti kabla hajatuma andiko lake. Watafiti wetu wengi wanaomba hela na wenzao wa nje, na kule Marekani kwa mfano, mfuko wao wa taifa wa sayansi, NSF, toka 1997 unapima kila andiko kwa vitu viwili, ubora wa sayansi yenyewe na faida yake kwa jamii pana. Hicho cha pili kinawasumbua kweli, wanakaa wanawaza waandike nini. Sasa wewe unatokea na barua ya mkuu wa shule inayosema tuna watoto wa form three wako tayari kukusanya sampuli na kuja kuzipima, tunahitaji masaa kadhaa na kosta. Dokta anakukumbatia. Mstari mmoja kwenye bajeti ya mradi mkubwa hauonekani hata, wakati kwa shule ni mwaka mzima wa sayansi. Ila lazima uwahi kabla andiko halijatumwa, hela ikishatoka kila shilingi ina mwenyewe.

Na hela ikipatikana usiipitishe kwenye akaunti ya shule kama unaweza kukwepa. Chuo cha umma kitakupa profoma na kontrol namba, mpe mfadhili alipe moja kwa moja, risiti nakala kwako. Mkuu wa shule anapumua, mkaguzi hana swali, na mfadhili anajua hela yake haijageuka kuwa soda za kikao.

Mlioko mbali kama Rombo au Same msikate tamaa, chuo kikuu cha Illinois kule Marekani toka 1999 kilikuwa na mpango unaitwa Bugscope, watoto wanatuma wadudu kwa posta halafu wanaiendesha darubini ya elektroni kupitia intaneti wakiwa darasani, bure. Mtafiti wa Tengeru mwenye bando na projekta anaweza kukufanyia kitu kama hicho, sampuli zinatangulia na basi la asubuhi.

La mwisho ni muda. Peleka form three, hawana mtihani wa taifa mwaka huo na mkuu hatakubishia, form two na form four ikifika Agosti hakuna atakayekusainia chochote. Barua yako ianze kwa mkuu wa shule, ipite kwa afisa elimu sekondari wa wilaya, ndo iende chuoni, na kila ofisi baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa maana barua zinapotea. Ukianza Januari, kosta inaondoka Mei.