Mbao Ikishachongwa

Juzi kijana mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Gitaa langu la umeme, Stratocaster, linavuma sana tukiwasha jenereta. Kuna seremala anasema anaweza kulichimba ili iingie pikapu kubwa. Nimruhusu?" Pikapu ni vile visumaku vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti ya gitaa. Niliusoma ujumbe huo nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, nikaurudia mara tatu, maana hayo yote nimeyapitia.

Mwaka 2016 nilinunua Stratocaster iliyotengenezwa Mexico kutoka kwa mwanamuziki wa dansi aliyekuwa anahama Mwanza. Laki tisa, fedha ya kupiga solo kwenye harusi za Ilemela na Igoma msimu mzima. Ilikuwa ya rangi ya krimu. Nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Shida ikawa mvumo. Pikapu za Stratocaster zina koili mojamoja, na koili moja hunasa kelele ya umeme ulio karibu. Kanisani tulitumia jenereta. Mchungaji anaomba, kanisa zima limetulia, gitaa langu linavuma juu ya sala. Nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Pikapu ya koili mbili, yaani hambaka, haina tabia hiyo: koili zake zimepangwa kinyume, kelele inayoingia huku inafutwa na ya kule. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliibuni mwaka 1955 kwa sababu ya mvumo huohuo. Kuitaka sikukosea. Nilikosea njia.

Nilimpa seremala mmoja gitaa, akachimba kwa patasi shimo la hambaka. Rangi ikabanduka kwenye kingo za shimo, nikaipeleka gereji moja ya Mabatini ikapuliziwa rangi nyeusi ya magari. Pikapu ya zamani na kibao cha zamani cha plastiki kinachofunika mbao vilipotelea hukohuko.

Mwaka 2021 mama alilazwa. Mnunuzi akaja kutoka Shinyanga na milioni moja na laki mbili mfukoni. Hakugusa hata uzi mmoja. Alitoa bisibisi, akafungua kibao kipya, akalitazama lile shimo, akauliza, "Vitu vyake vya mwanzo viko wapi?" Sikuwa na jibu. Akanihesabia laki nne. Nilizipokea kwa sababu mama alikuwa kitandani. Mpaka leo nikiona Stratocaster ya krimu jukwaani, nageuza uso.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Mtaniambia kwamba David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd, aliibadilisha Stratocaster yake nyeusi mara nyingi, na bado mwaka 2019 iliuzwa mnadani New York kwa dola 3,975,000. Ni kweli. Walinunua mkono wa Gilmour. La kwako na la kwangu yakifika sokoni hayana wa kuyasemea, yanatazamwa mbao, rangi na vipuri.

Badilisha, lakini badilisha kinachoweza kurudishwa. Zipo hambaka nyembamba zinazokaa kwenye nafasi ya koili moja bila kugusa mbao. Ningelijua hilo, gitaa langu lingekuwa ukutani leo, au lingemtibu mama kwa bei yake halali. Fungua skrubu, lehemu nyaya, funga. Ulichokitoa kifunge kwenye kitambaa safi, ukiweke ndani ya mkoba wa gitaa, na likiuzwa kiende nalo. Ukinunua vikazio vipya vya nyuzi, viingie kwenye matundu yaleyale. Rangi iache, hata ikichubuka. Mchubuko wa miaka mnunuzi anauelewa, rangi ya gereji haielewi. Na usitupe kitu. Hata skrubu moja. Narudia: usitupe.

Yule wa Nansio nilimpigia jioni ileile. Seremala alikuwa ameshachora mistari ya penseli juu ya mbao. Nilimwomba kijana amrudishe nyumbani kwa heshima na amlipe nauli yake. Jumamosi napanda meli na bisibisi yangu.