Muulize Fundi: Pazia kabla ya skrini

SWALI

Hujambo Fundi? Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Buruburu. Watoto wameshatoka nyumbani, kwa hivyo chumba kimoja cha ghorofani nimeamua kiwe cha kutazamia filamu. Kina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 3, na dirisha lake moja linaelekea magharibi. Binti yangu aliniletea projekta. Kwenye boksi wameandika lumeni 9,000 kwa herufi kubwa, halafu ANSI 400 kwa herufi za kutafuta na miwani. Imekaa kwenye rafu nyuma ya kochi, na kwa sasa tunaimulika kwenye shuka.

Mzee wangu anataka mpira wa Uingereza, mimi nataka filamu, wajukuu wakija ni katuni. Nilienda Luthuli Avenue kuulizia skrini. Duka la kwanza likaniambia nichukue inchi 120 ya mota. La pili likanionyesha kitambaa cha kijivu "kinachokataa mwanga", na bei yake imeipita projekta yenyewe. Jirani yangu anasema niache hayo yote nipake ukuta rangi. Nimsikilize nani?

Mwalimu, Buruburu

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Jirani yako amekaribia ukweli kuliko maduka yote mawili, tena yeye hakuuzii kitu. Ila ameruka dirisha.

Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kule Uingereza, hapa kwetu ni saa kumi na moja jioni wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na mbili wakisharudisha saa nyuma, yaani kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Jua la Nairobi nalo halibadiliki sana: mwaka mzima linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Kwa hivyo kuanzia ligi ifunguliwe Agosti hadi Oktoba iishe, Mzee atatazama karibu mechi nzima huku jua la magharibi likimwingilia dirishani. Kwa projekta ya lumeni 400 (lumeni ni kipimo cha mwanga, na ile ya ANSI ndiyo iliyopimwa kwa utaratibu wa kuaminika), sijui skrini ya kushindana na hilo jua, na sitaki uamini anayekwambia anayo.

Projekta haina taa nyeusi. Gizani mwa filamu, kwenye koti jeusi la refa, kwenye nywele za mtangazaji, inachofanya ni kuzuia mwanga wake usifike hapo. Weusi unaouona ni kitambaa chenyewe kikiwa hakijamulikwa. Jaribu leo: saa kumi na moja jioni zima projekta, keti kwenye kochi, utazame shuka lako. Weupe ule utakaouona ndio weusi wa mwisho utakaoupata kwenye picha saa hiyo. Hata ukinunua skrini ya bei gani, mradi iwe nyeupe, utauona uleule.

Pesa ya kwanza basi iende kwenye pazia. Nenda Eastleigh au Biashara Street na usiulize jina la kitambaa, kwa sababu kila muuzaji ana kitambaa "kizito kabisa". Washa tochi ya simu, ibandike nyuma ya kitambaa, utazame kwa mbele. Ukiona duara la mwanga, rudisha. Pazia lipite dirisha sentimita 20 kila upande, na juu uweke ubao au kisanduku cha kufunika fimbo, maana jua la jioni hupenda kupenya hapo juu na kugonga ukuta wa mbele moja kwa moja. Nimeingia nyumba nyingi zenye mapazia ya gharama na mchirizi wa jua umepita katikati ya picha kwa sababu ya nafasi ya vidole vitatu.

Halafu dari. Kama nyumba yako bado ina dari nyeupe, mwanga wa picha utagonga skrini, upande darini, urudi kwenye skrini tena na kuichafua. Paka sehemu ya dari iliyo karibu na skrini, kama mita moja kuja upande wako, pamoja na kuta za kando, rangi nzito isiyong'aa. Kahawia iliyokolea, buluu ya usiku, kijivu cha makaa, chagua mwenyewe. Najua Mzee atalalamika kwamba umemjengea pango. Mwambie asubiri usiku.

Sasa tuje kwa hizo inchi 120. Inchi za skrini hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hivyo 120 ya umbo la kawaida la siku hizi, 16:9, ina upana wa sentimita 266 na kimo cha sentimita 149. Itaingia kwenye ukuta wako, sikatai. Shida ni mwanga. Zile 9,000 za kwenye boksi zisahau, hesabu kwa 400. Wewe ni mwalimu, chukua kalamu: eneo ni karibu mita za mraba 3.96. Gawanya 400 kwa 3.96, kisha ugawanye tena kwa 3.14. Unapata kama 32. Hizo ni kandela kwa kila mita ya mraba, yaani kipimo cha mng'ao wa picha, kwenye kitambaa cheupe cha kawaida. Majumba ya sinema hulenga 48.

Rudia hesabu hiyo kwa inchi 90. Upana 199, kimo 112, eneo mita za mraba 2.23. Jibu ni 57. Projekta ni ileile, stima ni ileile, na chumba chako kikiwa giza umelipita jumba la sinema. Hii ndiyo sababu muuzaji anayetaja inchi kabla hajaulizia projekta yako namwacha azungumze peke yake.

Macho nayo yanakubali 90. Kochi likiwa karibu na ukuta wa nyuma, macho yenu yako kama mita 3 kutoka kwenye skrini. Inchi 90 itajaza pembe ya nyuzi 37 hivi, na wapangaji wa vyumba vya sinema hupendekeza kati ya 30 na 40. Ile ya 120 ingefika 48, na mjukuu angefuata mpira kwa kugeuza shingo. Kabla hujalipa hata shilingi, pima mstatili wa 199 kwa 112 ukutani, uuchore kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ukingo wa chini ukiwa sentimita 75 kutoka sakafuni. Sogeza projekta mpaka picha ikae ndani ya tepu bila kutumia kile kitufe cha kunyoosha pembe, kwa sababu kitufe hicho hukata sehemu ya picha na kupunguza ukali wake. Tazameni hivyo wiki moja. Kama mtaona ni kubwa au ndogo, tepu inabanduka.

Kile kitambaa cha kijivu cha duka la pili si uongo, lakini hakikutengenezewa projekta yako. Nakisia ni kile cha projekta zinazowekwa chini kabisa, karibu na ukuta, na kumulika kwenda juu. Rudi ukakiangalie kwa karibu sana: utaona mistari myembamba imelala kutoka kushoto hadi kulia, na ukucha wako ukishuka juu yake utakwaruza. (Muuzaji atapiga kelele, kwa hivyo omba kipande cha sampuli.) Kila mstari ni kidaraja: upande unaotazama juu ni mweusi, hunywa mwanga wa dari, na upande unaotazama chini ni mweupe, hurudisha mwanga wa projekta kwenu. Projekta yako inamulika kutoka rafuni nyuma ya vichwa vyenu. Mwanga wake utagonga ule upande mweusi, na kitambaa kitakataa picha yako pamoja na jua.

Vipo pia vitambaa vya kijivu vya kawaida, visivyo na mistari. Hivyo hutia weusi giza kidogo, lakini hutia weupe giza vilevile. Kwa lumeni 400 huna weupe wa kutoa sadaka. Na ukipewa skrini yenye geini 2 na zaidi (geini ni mara ngapi skrini inarudisha mwanga mbele kuliko kitambaa cheupe cha kawaida), ile inayosifiwa kwamba "inaongeza mwanga", jua kwamba haiongezi chochote. Inaukusanya mwanga katikati. Atakayeketi katikati ya kochi atafurahi, aliye pembeni ataona picha imefifia. Katika nyumba yenye wajukuu huo ni ugomvi wa kununua kwa pesa zako. Geini 1, nyeupe, isiyong'aa. Basi.

Mota sina ugomvi nayo, ila si ya chumba ambacho kazi yake ni hiyo moja tu. Kitambaa cha kukunja, kiwe cha mota au cha kuvuta kwa mkono, kisipokuwa na nyuzi za kukinyoosha pembeni hujikunja kingo baada ya muda na kufanya mawimbi. Kwenye filamu pengine usione. Kwenye mpira, kamera ikipita kando ya uwanja, mstari mweupe utaonekana unacheza, na Mzee ataanza kulaumu hata mstari wa goli.

Kwa hivyo fanya kama jirani, kwa mpangilio huu. Fundi apige ukuta msasa mpaka uwe laini, apake rangi ya maji nyeupe isiyong'aa kabisa. Usikubali ile ya silki hata akikwambia inasafishika. Inang'aa, na utaona taa ya projekta imekutolea jicho katikati ya picha. Kisha zungusha mkanda wa mahameli nyeusi wenye upana wa kama sentimita 8. Mahameli hunywa mwanga unaomwagika nje ya picha, na picha yenyewe huonekana kali zaidi. Sijaona pesa kidogo ikifanya kazi kubwa hivyo.

Ukitamani kitambaa cha kweli baadaye, nunua skrini ya fremu isiyokunjwa, inchi 90, au mpe seremala kazi: fremu ya saipresi iliyokauka vizuri na kupigwa randa, mbao mbichi itapinda, na nguzo moja katikati ya fremu. Kitambaa kiwe cheupe cha bitana ya mapazia, kile kizito. Simama uhakikishe anaanza kupiga pini katikati ya kila upande, akivuta kuelekea pembeni. Akianzia kwenye pembe, mikunjo haitaisha.

SWALI

Fundi, niaje. Niko bedsita Roysambu na landilodi hataki kusikia misumari. Nataka skrini ya miguu mitatu nitumie ndani, na wikendi niipandishe juu ya paa tuangalie mechi na maboys. Ni sawa ama ni pesa ya bure?

Mpangaji, Roysambu

JIBU

Ni sawa, lakini beba futi ya kupimia. Nyingi za aina hiyo zimetoka maofisini na bado ni za umbo la 4:3. Ukiuziwa "inchi 100" ya umbo hilo, upana wake ni sentimita 203 tu, na picha ya mpira itakuwa kama ya inchi 92, huku juu na chini kukibaki nafasi tupu. Kama bei iko chini, chukua. Kama unalipia bei ya inchi 100 ya 16:9, upana uwe sentimita 221.

Kule paani usianze kabla ya saa moja usiku. Upepo nao hauna heshima kwa miguu mitatu, kwa hivyo funga kila mguu kwa mfuko wa mchanga na uifunge skrini nyuma kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Ikinyeshewa usiikunje ikiwa na maji. Ndani ya nyumba, kama ukuta wa landilodi ni mweupe, mulika pale pale. Hilo halina msumari.

SWALI

Mtoto amechora skrini yetu kwa kalamu ya wino. Nitumie spiriti?

Mama, South C

JIBU

Hapana, Mama. Spiriti na thina huondoa tabaka la juu la kitambaa, na mahali pa mstari mwembamba utabaki na doa pana linalong'aa kila picha. Futa vumbi kwanza kwa brashi laini, kisha pangusa polepole kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yenye sabuni hafifu, bila kusugua. Wino ukikataa, uache. Utauona kwenye picha nyeupe, kwenye nyingine utausahau. Kalamu ndiyo ya kuficha.