Natsume Yuujinchou haitaki pupa: nilivyoikosea mara ya kwanza

Mara ya kwanza niliiangalia vibaya hii Natsume Yuujinchou, anime, yaani katuni ya Kijapani. Nilikuwa na flashi niliyojaziwa na kijana wa kurekodi pale mtaani, anime tupu, na usiku wa Jumamosi nikaifungua saa tano. Nilipoinua kichwa, muadhini alikuwa anakaribia kupanda. Episodi 13 za msimu wa kwanza, zote kwa mkupuo. Ungeniuliza asubuhi ile nimeona nini, ningekwambia: kijana mpole, paka mnene, na kila episodi kuna anayelia.

Usiku wa pili nikaongeza kosa. Misimu ya hii anime haina namba, ina maneno ya Kijapani: Zoku, San, Shi, Go, Roku, Shichi. Kompyuta haijui Kijapani, inapanga kwa alfabeti. Nilipomaliza msimu wa kwanza folda iliyofuata ilikuwa Go, nami nikaingia kichwakichwa. Go maana yake tano. Nikakuta watu wanasalimiana kama wanajuana miaka, mimi sijui hata mmoja ni nani. Nikasema hawa waandishi wavivu, nikaifuta folda nzima, nafasi ikaenda kwa mambo mengine.

Basi ushauri wa kwanza nautoa hapahapa kabla sijasahau: badilisha majina ya mafolda yako. Wa kwanza hauna neno la ziada, ni wa 2008. Zoku ni 2009, San 2011, Shi 2012, Go 2016, Roku 2017, Shichi 2024. Kuna na filamu ya 2018. Iweke baada ya Roku.

Kwa asiyeijua kabisa: Natsume Takashi ni yatima, mwanafunzi wa sekondari, anayeona youkai, wale viumbe wa masimulizi ya Kijapani ambao watu wengine hawawaoni. Tangu utotoni kahamishwa nyumba hadi nyumba, ndugu huyu kamchoka kampeleka kwa yule, maana anashtuka pasipo kitu na watu wanamwona mwongo. Mwisho anachukuliwa na mzee Shigeru Fujiwara na mkewe Touko, wasio na mtoto. Bibi yake, Reiko, naye alikuwa akiwaona. Yeye alikuwa akiwachokoza, akiwashinda kwenye mashindano, na kila aliyeshindwa aliandika jina lake kwenye karatasi. Mwenye jina lako ana amri juu yako. Karatasi zikafanywa kitabu, Reiko akafa angali kijana, kitabu kikamwangukia mjukuu. Mjukuu badala ya kuwatumikisha anaamua kuwarudishia majina yao, mmoja baada ya mwingine. Anayemlinda ni youkai mwenye nguvu, Madara, aliyekuwa amefungiwa ndani ya sanamu ya paka wa bahati. Siku nyingi unamwona kwa umbo hilo la paka wa duara, mlafi na mlevi, na mapatano yao ni kwamba Natsume akifa, kitabu ni cha paka. Jina lake la nyumbani ni Nyanko-sensei.

Ningeishia hapo na ile hukumu yangu ya mkosaji, kama si shangazi.

Shangazi yangu alikuja mjini Tanga kutoka Pangani kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja kwanza, la pili mwezi unaofuata, na katikati hapo akakaa kwetu. Ameambiwa asiiname, asibebe ndoo, asisogelee moshi wa jikoni. Mtu aliyeamka saa kumi maisha yake yote unamwambia akae kitako! Siku ya tatu alikuwa anagombana na kila mtu. Nikaenda kujaziwa tena flashi, na kwa kuwa mambo ya ngumi na damu asingeyataka, nikakumbuka lile paka.

Haoni vizuri, Kiingereza cha maandishi ya chini hakijui, Kijapani ndiyo kabisa. Ikabidi nitafsiri kwa mdomo, kama wale jamaa wanaotafsiri sinema kwenye vibanda, ila mimi bila mikrofoni na bila vichekesho vyao.

Nikaharibu dakika ya kwanza.

"Hao wanaomkimbiza ni nani?"

"Mashetani, Shangazi."

"Mashetani! Mimi nimetoka kupasuliwa jicho juzi, wewe unaniletea mashetani ndani? Zima."

Nikazima. Huu ni ushauri wa pili, na unawahusu zaidi mnaoishi na wazazi: neno utakaloliweka mahali pa youkai ndilo litakaloamua kama mtaangalia au mtalala. Shetani siye. Jini anakaribia, lakini jini kwetu ana dini na ana mambo mazito. Pepo hupanda kichwani, na youkai wengi hapa hawampandi mtu, wanapita njia tu, wanakunywa pombe chini ya mti, wanasengenyana. Kesho yake nikamweleza upya: wapo wa msituni, wapo wa mtoni, wengine wadogo kama kikombe, wengine wana jicho moja, wengi wapweke. Akanisikiliza, akasema, "Sasa si ungesema vibwengo." Tangu siku hiyo wakawa vibwengo, na Nyanko-sensei akawa Mwalimu Nyau, ambayo kwa kweli ni tafsiri sahihi kuliko nyingi nilizoziona.

Kutafsiri kwa mdomo kunakulazimisha usimamishe. Kila sentensi tatu, bonyeza, eleza, endelea. Episodi ya dakika 24 inakula saa nzima. Na humo kwenye kusimamisha ndipo nilipoanza kuona nilichokikimbia usiku ule. Kijana anaporudisha jina, karatasi yenyewe inasimama wima kitabuni. Anaichana, anaishika kwa meno, anapiga viganja pamoja, anapuliza. Herufi zinanyanyuka kutoka kwenye karatasi, zinaogelea hewani, zinaingia kwenye paji la mwenyewe. Halafu kijana anaanguka kwa uchovu. Mara ya kwanza nilidhani hiyo ndiyo nguvu yake ya kupigania. Shangazi, ambaye hata picha haioni sawasawa, ndiye aliyesema: "Ndiyo maana sisi tulikatazwa kuitika usiku ukisikia unaitwa. Jina si kitu cha kumpa kila mtu."

Nataka nikae kidogo kwenye episodi ya pili, maana ndiyo kipimo changu. Ukiifikia hiyo na moyo wako haujasogea hata kidogo, achana nayo, hamna ugomvi.

Kuna kimungu kidogo, Tsuyukami, anayekaa kwenye kijibanda cha ibada njiani. Zamani hakuwa mungu wala nini, alikuwa kibwengo asiye na kwao aliyejihifadhi humo. Mwanakijiji akaja kuomba mvua, mvua ikanyesha siku ya pili, basi watu wakaanza kuleta sadaka. Kadiri wanavyomwamini ndivyo anavyokua. Kisha vizazi vikapita, watu wakaacha kuja, naye akaanza kupungua, hata amekuwa mtu wa kubebwa kiganjani. Amebaki na muumini mmoja tu, bikizee aitwaye Hana, anayepita kumsafishia na kumwachia tunda. Tsuyukami anataka jina lake, lakini ukurasa wake umegandana na wa mwenzake, kwa hiyo lazima atafutwe yule mwingine kwanza, na muda ni mchache, kwa sababu Hana anaumwa. Hana anapofariki, Tsuyukami naye anafifia. Natsume anamwomba abaki, anasema atamwamini yeye. Anamjibu kwa upole kwamba Natsume ni rafiki yake, na rafiki si muumini.

Nilisimamisha hapo nikatafsiri. Shangazi akanyamaza muda, kisha akaanza kunisimulia habari za mizimu ya kwao ambako watu walikuwa wakipeleka ubani na vitambaa alipokuwa mtoto, na sasa majani yameota hata njia haionekani. Ukienda mapango ya Amboni, hapa jirani na mji, utakuta hadi leo watu wameacha sadaka zao. Lakini alikotoka yeye hawaendi tena. "Sisemi ni vizuri, dini yetu haitaki," akasema, "nasema tu yule wa pale sijui kawa mdogo kiasi gani."

Mimi katika ule usiku wa mkupuo, episodi hiyo niliipa dakika zake 24 na kabla majina ya waigizaji hayajaisha nilishabonyeza inayofuata.

Kwa nini imeumbwa hivi, kisa kimoja kimoja? Manga yake, yaani hadithi ya michoro iliyozaa anime, kazi ya Yuki Midorikawa, ilianza 2003 kwenye LaLa DX, jarida lililokuwa likitoka kila baada ya miezi miwili. Msomaji wa miezi miwili huwezi kumkatia kisa katikati ukamwambia subiri. Kila sura ilibidi ianze na iishe. Anime imerithi umbo hilo, na ndiyo sababu haitaki kuliwa kama bisi. Linganisha na anime ya Bleach, ambayo mimi naipenda, msinielewe vibaya: ilirushwa kila wiki toka 2004 hadi 2012, episodi 366, huku manga yake wakati huo ikiwa bado inachorwa. Anime ilipoikaribia manga, ikabidi wabuni visa vya kujazia. Unaachwa katikati ya pambano, wiki ijayo anatokea kapteni mpya usiyemjua na safari nzima inageuka. Natsume wao walichagua kusubiri. Misimu minne ya kwanza ina episodi 13 kila mmoja, Go na Roku 11, Shichi 12. Jumla 86 kwa miaka 16. Kati ya Roku na Shichi watu walingoja miaka saba. Kwa hiyo swali la "niruke episodi zipi" ambalo naulizwa sana, jibu lake ni hakuna. Nitakubali tu kwamba Go, ambako studio ilibadilika kutoka Brain's Base kwenda Shuka, una episodi mbili tatu zilizonipita bila kuniacha na kitu. Hata hivyo usiruke, hujui yako ni ipi.

Fuata mpangilio pia kwa sababu watu wanaingia polepole. Natori, mwigizaji wa sinema ambaye pia anafukuza youkai, unakutana naye msimu wa kwanza. Taki anakuja wa pili. Matoba, mkuu wa ukoo wa wafukuzaji, mtu wa kuogopwa, anaingia wa tatu. Huyu Matoba ana jicho la kulia amelifunika kwa karatasi yenye maandishi: mababu zake walimwahidi youkai jicho la kulia kwa kazi aliyowafanyia, wakamdhulumu, na kila mkuu wa ukoo anafuatwa alipe. Tulimfikia wiki ileile jicho la pili la shangazi limetoka kufanyiwa, amevaa kile kikinga chake cha plastiki. Nikatafsiri. Akakigusa. "Mwambie awahi. Langu wamelichukua na hela nimelipa mimi." Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Jambo jingine: sikiliza sauti ya Kijapani. Najua kuna wanaopenda ya Kiingereza, kila mtu na lake. Lakini Kazuhiko Inoue ndiye anayempa sauti Nyanko-sensei, ile ya mlevi wa kijiweni aliyekuwa mtu mkubwa zamani, kisha paka akigeuka Madara sauti inashuka na kuwa nzito kama mtu mwingine. Shangazi alijua paka amegeuka kabla sijamwambia. Na Hiroshi Kamiya kwa Natsume hana kelele, ni kijana anayechelea kuwasumbua watu hata anapoomba chai.

Kuhusu mandhari, usidhani ni kijiji cha kuota. Midorikawa ni mtu wa mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani kwenye kisiwa cha Kyushu, na mengi unayoyaona, madaraja, reli ya njia moja, mahekalu madogo, yamechukuliwa mji wa Hitoyoshi na viunga vyake kando ya mto Kuma. Mto huo ulifurika Julai 2020 na kuuharibu sana mji. Mimi nilijua hilo baadaye, na sasa nikiona Natsume anavuka daraja huwa naangalia maji kwanza.

Ratiba ninayokupa, basi: moja kwa usiku, mbili ukizidiwa. Usianze ukiwa na usingizi. Ukimaliza, usibonyeze inayofuata, kaa. Na kama una mtu nyumbani ambaye hajawahi kuangalia anime, mwite. Shi inaisha na Natsume akienda kuiona nyumba ya wazazi wake, na hiyo usiiangalie peke yako ukiwa mbali na kwenu. Nakuonya.

Shangazi alirudi Pangani tukiwa tumemaliza Roku, macho yote mawili yanaona mpaka sindano anatunga mwenyewe. Shichi ilipoanza Oktoba 2024 nikampigia simu kumwambia Mwalimu Nyau amerudi. Hana simu ya intaneti, wala hakuitaka. Kwa hiyo kila wiki nikawa naiangalia kwanza, kisha namsimulia kwa simu usiku baada ya isha. Niligundua nahitaji kifurushi cha dakika 40 kwa episodi, maana anauliza maswali: alivaa nini, Touko alipika nini, paka kala sahani ngapi.

Wiki ya mwisho akaniuliza, "Na kitabu kimebaki kurasa ngapi?"

Nikamwambia bado kinene.

"Haya. Kikitoka kingine unipigie. Saa hizi nakwenda kufungia kuku."